Nyuzi ngapi, za kipimo gani, za kitu gani: mwongozo wa kutaja joto kwa Kiswahili

Usiku mmoja wa mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umetulia na Tanga yote inafukuta, wifi yangu alinipigia simu kutoka Mabawa.

"Wifi, hiki kipimo ulichoniambia ninunue kimeharibika. Tangu alasiri kinaandika mia moja na moja, na mtoto namwona anawaka."

Nikamwuliza, "Mia moja na moja za nini?"

"Za joto, wifi. Za nini tena?"

Kipimajoto hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimewekwa kwenye Farenhaiti, na 101 za Farenhaiti ni kama 38.3 za Sentigredi, yaani homa kamili. Lakini wifi maisha yake yote amesikia thelathini na saba, thelathini na nane, basi mia moja akaiona ni kosa la mashine. Akakirudisha kwenye kikasha chake, akawa anamkanda mtoto kwa maji na kusubiri. Saa tano zilipita hivyo. Tulimpeleka mtoto hospitali usiku uleule, akapimwa malaria, akatibiwa, akapona. Zile saa tano bado zinaniuma, kwa sababu nimefundisha sayansi miaka mingi na sikuwahi kumkalisha mtu wa nyumbani kwangu nikamweleza kwamba namba ya joto isiyotajiwa kipimo chake haijawa habari bado.

Haya ndiyo ningemweleza.

Hatua ya kwanza: joto ni moja, halijoto ni nyingine

Joto ni kile unachokihisi na kinachohama: linatoka kwenye jiko kwenda kwenye sufuria, kwenye bati kuja kichwani mwako. Halijoto ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimo. Vitabu vya sayansi vya shuleni huiita jotoridi, nalo ni neno zuri, ila nje ya darasa halisikiki sana. Mimi natumia halijoto, na kipimo chenyewe nakiita kipimajoto. Ukisema themometa hakuna atakayekushangaa.

Tofauti hii inatupa sentensi nyoofu. Joto ni kali, limezidi, limepungua. Halijoto iko juu au chini, imepanda au imeshuka. Usiseme "halijoto ni ya moto" wala "halijoto ni baridi", kwa sababu kiwango hakina moto wala baridi, kama vile urefu wa mti hauna majani. Sema "maji ni ya moto, halijoto yake ni nyuzi 70".

Na usidharau maneno tuliyonayo yasiyo na namba. Fukuto, hari, uvuguvugu, ubaridi, baridi ya kuuma: haya hubeba kitu ambacho namba haibebi. Mtu wa Ngamiani akisema "leo kuna fukuto" amekwambia mambo mawili kwa pamoja, kwamba kuna joto na kwamba hewa haitembei. Namba inakuja kuongeza uhakika, haiji kufukuza lugha.

Hatua ya pili: nyuzi, digrii, na jina la kipimo

Nyuzi ndilo neno letu la hatua za kipimo. Tunalitumia kwa joto na kwa pembe pia: kona ya mlango ni nyuzi 90, na mwili wenye homa ni nyuzi 39. Ndiyo maana watangazaji husema "nyuzi joto", ili msikilizaji asidhani ni pembe. Katika mazungumzo ambayo tayari ni ya hali ya hewa au ya homa, "nyuzi" peke yake inatosha. Digrii nayo ni sahihi, ijapokuwa ina mzigo wake mwingine: mtu aliyemaliza chuo kikuu naye "ana digrii".

Ikiwa ni moja, sema "nyuzi moja" au "digrii moja". "Uzi mmoja" ni wa fundi cherehani.

Kisha jina la kipimo. Hapa kwetu Sentigredi na Selsiasi ni kipimo kimoja chenye majina mawili. Sentigredi ni jina la zamani lenye maana ya hatua mia, kwa kuwa kati ya maji kuganda na maji kuchemka pamegawanywa mara mia. Mwaka 1948 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliamua kipimo hicho kiitwe kwa jina la Anders Celsius, mtaalamu wa nyota wa Uswidi, aliyekipendekeza mwaka 1742. (Yeye alikipanga kinyume: sifuri kwenye kuchemka na mia kwenye kuganda. Kiligeuzwa baadaye, na nashukuru.) Katika kuandika kitaalamu tumia Selsiasi. Nyumbani na sokoni, Sentigredi inaeleweka haraka zaidi, na sioni sababu ya kumsahihisha mtu anayeitumia.

Utaratibu wa sentensi ni huu: nyuzi, kisha namba, kisha "za" na jina la kipimo. "Nyuzi joto 32 za Sentigredi." Ukishataja kipimo mara moja mwanzoni mwa mazungumzo, huna haja ya kurudia kila namba. Lakini ile mara ya kwanza usiiruke, hasa ukiwa kwenye simu na mtu aliyeko Muscat au Marekani, au ukiwa na kifaa alichokuletea mtu kutoka huko.

Hatua ya tatu: "hadi" na "kwa"

Kama ungekuwa na dakika mbili tu za kunisikiliza, ningezitumia hapa.

Ukisema "joto limepanda nyuzi mbili", msikilizaji hajui kama limeongezeka nyuzi mbili au limefika kwenye mbili. Kwa Tanga atakisia, kwa sababu hatujawahi kufika nyuzi mbili. Kwa friji la chanjo hawezi kukisia, maana pale mbili ni namba halisi: chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Ukimwambia mhudumu kwa simu "friji limeshuka nyuzi mbili", je, limetoka saba likafika tano, au limefika ukingoni mwa kugandisha? Kiswahili kina viungo viwili vidogo vinavyomaliza utata wote. "Hadi" inataja mahali ulipofika. "Kwa" inataja ukubwa wa mabadiliko.

Limeshuka hadi nyuzi 2. Limeshuka kwa nyuzi 2.

Vitumie vyote pamoja ukitaka usibaki na shaka: "Halijoto imepanda kwa nyuzi 3, kutoka 29 hadi 32."

Tofauti hii inauma zaidi unapogeuza kipimo kuwa kingine. Chukua safari ya Lushoto. Kila ukipanda mita 1000, hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6.5 za Sentigredi; mji wa Lushoto uko kwenye mita 1400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo tegemea pungufu ya nyuzi 9 kuliko pwani. Tanga 31, Lushoto 22, na sweta inatoka kwenye begi. Sasa mgeni anayetumia Farenhaiti akikuuliza Lushoto kuna pungufu ya ngapi, usichukue 9 ukaigeuza kwa kanuni nzima (zidisha kwa 1.8, kisha ongeza 32) na kupata 48. Tofauti huzidishwa kwa 1.8 basi, pasipo kuongeza 32: nyuzi 9 za Sentigredi ni tofauti ya nyuzi 16 hivi za Farenhaiti. Ile 32 inahusu mahali ambapo kipimo kinaanzia, na tofauti haina mahali pa kuanzia.

Kosa hilohilo hukutana nalo kwenye habari za tabianchi. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unazungumzia kuzuia ongezeko la joto la dunia lisizidi nyuzi 1.5 juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda. Hilo ni ongezeko, "kwa nyuzi 1.5", na kwa Farenhaiti ni 2.7. Ukiona mahali pameandikwa 34.7, mwandishi ameongeza 32 isiyohusika.

Jingine la ukoo huo: usiseme nyuzi 32 ni "joto mara mbili" ya nyuzi 16. Sifuri ya Sentigredi ni maji kuganda tu, siyo kukosa joto kabisa. Sema "zaidi kwa nyuzi 16".

Hatua ya nne: mtego wa "chini ya"

Huu ni mtego wa Kiswahili chenyewe, na wanaouza samaki wanaujua kwa hasara. "Nyuzi 18 chini ya sifuri" ndiyo halijoto ya kugandishia chakula kwa muda mrefu. "Chini ya nyuzi 18" ni kitu chochote kuanzia 17 kushuka, hata maji ya bomba la Lushoto asubuhi. Maneno ni yaleyale, mpangilio umebadilika, na ndoo ya jodari inaoza.

Kwa hiyo namba za upande wa pili wa sifuri zitamke kwa moja ya njia mbili: "nyuzi 18 chini ya sifuri", au "hasi 18". Ya kwanza inafaa kwa watu wote, ya pili inafaa kwa waliozoea hesabu. "Toa 18" iepuke, kwa kuwa inasikika kama agizo la kupunguza. Na neno "sifuri" lisimezwe hata ukiwa na haraka. Pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi, watu wanapiga kelele, barafu inamwagwa, mashine zinanguruma. Silabi tatu zikipotea, maana nzima imepotea.

Kwa mipaka ya kawaida, badala ya "chini ya" jaribu "isizidi" na "isipungue". Boksi nyingi za dawa huwa na onyo la kutunza chini ya nyuzi 30. Mwambie bibi, "Bibi, dawa hii isikae mahali penye joto la kuzidi nyuzi thelathini." Kisha mwonyeshe ni wapi, kwa sababu chumba cha bati bila dari, mchana wa mwezi wa pili, huvuka 30 kwa urahisi, na juu ya kabati ndipo penye joto zaidi. Chini, upande usiopigwa na jua, ndipo pake.

Na ukitaja mipaka miwili, "kati ya" huenda na "na", "kuanzia" huenda na "hadi". Kati ya 2 na 8. Kuanzia 2 hadi 8. "Kati ya 2 hadi 8" imezagaa mno, nami naisahihisha kila ninapoiona. Kistari usikitumie katikati ya namba za joto: "2-8" inaweza kusomwa vingine na mtu aliyezoea kuona alama ya hasi kwenye friji.

Hatua ya tano: joto la kitu gani, wapi

Watu hugombana bure. Redio inasema Tanga leo nyuzi 32, kijana wa bodaboda anasema wanadanganya, kipimo chake pale kituoni kinaonyesha 41. Wote wanasema kweli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja joto la hewa, na joto la hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, karibu mita moja na nusu kutoka ardhini. Kipimo cha bodaboda kimepigwa na jua na kimekaa juu ya chuma. Kinapima chuma na jua kuliko hewa. Mchanga wa Raskazone saa nane mchana nao una halijoto yake.

Basi taja: hewa, mwili, maji, tanuri, friji. Kisha taja pale ulipopimia kama panabadilisha maana.

Kwa mwili panabadilisha. Kwapani husoma pungufu kidogo kuliko ndani ya mwili, ndiyo maana kwa mtoto aliyepimwa kwapani wahudumu wa afya huhesabu homa kuanzia nyuzi 37.5. Mdomoni, sikioni na kwenye paji la uso, kila mahali pana tabia yake. Ukimpigia simu mhudumu, sentensi kamili ni kama hii: "Nimempima kwapani saa mbili usiku, amefika nyuzi 38.3 za Sentigredi." Mahali, saa, namba, kipimo. Ukisema "ana joto" umesema kweli, lakini umemwachia kazi yote ya kuuliza.

Simu za siku hizi huonyesha namba mbili, halijoto na joto linalohisiwa. Zitenganishe. Jasho linapokauka ndipo linapotupoza, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki vizuri. Nyuzi 32 za Tanga zinakaa mwilini vibaya kuliko nyuzi 32 za Dodoma. Unaweza kusema "ni nyuzi 32, lakini kwa unyevu huu inahisiwa kama 38". Usiseme tu "leo 38", kwa sababu kipimajoto hakikusoma hivyo.

Hatua ya sita: ukikutana na Farenhaiti

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig mwaka 1686, akatengeneza vipimajoto bora vya zebaki, na kipimo chake, alichokitangaza mwaka 1724, ndicho Marekani wanachokitumia nyumbani hadi leo. Maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Kwetu kinaingia kwa njia mbili: vipimajoto vya homa na mapishi.

Kanuni kamili: toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Kwenda upande wa pili: zidisha kwa 1.8, kisha ongeza 32.

Wapo wanaofundisha njia ya mkato, toa 30 kisha gawa kwa mbili. Kwa hali ya hewa inavumilika: 86 inakupa 28, na jibu halisi ni 30. Kwa homa nakataza. Ile 101 ya mtoto wa Mabawa ingetoa 35.5, na mama angedhani mtoto amepoa. Kwa mwili wa binadamu usipige hesabu ya mkato, kariri namba chache: 98.6 ni 37, 99.5 ni 37.5, 100.4 ni 38, 102.2 ni 39, 104 ni 40. Ziandike ndani ya mfuniko wa kikasha cha kipimajoto. Bora zaidi, kabla hujakitumia, angalia pembeni mwa namba kama kuna herufi C au F. Vipimajoto vingi vya betri vina namna ya kubadilisha. Mara nyingi ni kubonyeza kitufe na kukishikilia, na karatasi ya maelekezo huonyesha.

Mapishi yana msamaha zaidi. Keki ikisema 350 bila kutaja kipimo, na mapishi yametoka Marekani, hiyo ni Farenhaiti: weka oveni kwenye 180 za Sentigredi, tofauti ya nyuzi tatu au nne haina madhara. 325 ni kama 160, 375 ni 190, 400 ni 200 na kidogo. Sheria yangu ni kwamba namba ya oveni ikizidi 300, iulize kwanza asili yake, kwani oveni nyingi za nyumbani haziendi mbali zaidi ya 250 za Sentigredi.

Na kwa sababu wengi wetu bado tunaoka mkate wa sinia kwa makaa juu na chini, ukiandika mapishi kwa Kiswahili weka namba na neno pamoja: "nyuzi 180 za Sentigredi, yaani moto wa wastani, kwa makaa, mengi juu, machache chini". Namba peke yake inamfungia mlango asiye na oveni.

Kelvini ni ya maabara. Inaanzia kwenye ubaridi usio na ubaridi zaidi, ambao ni 273.15 chini ya sifuri ya Sentigredi. Kumbuka moja tu: tangu mwaka 1967 haichukui neno nyuzi wala alama ya duara (°). Ni "kelvini 300".

Hatua ya saba: kuitamka namba

37.5 ni "thelathini na saba nukta tano". "Pointi tano" inasikika kila mahali na inaeleweka. "Na nusu" ni nzuri kuliko zote kwa wazee. Lakini 37.2 usiisome "thelathini na saba na mbili", masikioni inageuka kuwa namba mbili tofauti. Na 36.05 ni "thelathini na sita nukta sifuri tano".

Usiongeze nukta ambazo kipimo hakina. Ukigeuza 350 ukapata 176.67, usimwambie mtu 176.67, oveni yako haijui hata 176.

Hatua ya nane: kuiandika

Chagua maneno au alama, usichanganye. "Nyuzi joto 32 za Selsiasi" ni sahihi, na "32 °C" ni sahihi. "Nyuzi joto 32 °C" imesema nyuzi mara mbili. Kwa utaratibu wa kimataifa, nafasi inakaa baada ya namba, kisha duara na herufi vinashikana, na herufi ni kubwa.

Duara lenyewe watu huliigiza kwa o ndogo iliyopandishwa au kwa sifuri. Matokeo yake "320C" hubandikwa ukutani na kusomwa mia tatu na ishirini. Kwenye iPhone, shikilia sifuri na duara litatokea. Kwenye simu nyingine nyingi, ingia ukurasa wa pili wa alama. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia Alt huku ukiandika 0176 kwenye namba za pembeni. Ukishindwa kabisa, andika maneno.

Kwa tangazo la kubandika, mfano kwenye friza la samaki au friji la dawa, andika maneno tu, kwa herufi kubwa, na ombi ambalo hata mlinzi wa usiku anaweza kulifuata: "FRIZA HILI LIKAE NYUZI 18 CHINI YA SIFURI (SENTIGREDI). UKIONA NAMBA HAINA ALAMA YA HASI MBELE YAKE, PIGA SIMU." Kisha acha nafasi ya namba ya simu, na hakikisha simu hiyo huwa haizimwi.